Malaika wa Kushoto

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana mbele hakuna pa kuchekea. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Bukavu, na sikuwa nimeonja hata chupa moja ya bia. Mimi ni mwalimu wa kuchora. Kazi yangu tangu ujana ni kutazama vitu na kuviweka kwenye karatasi jinsi vilivyo, na nilikuwa nawakaripia wanafunzi walioogopa kupita karibu na makaburi. Siwakaripii tena.

Nianze na Neema, maana bila yeye hutaelewa lolote.

Neema alikuwa mtoto wetu wa pekee. Vita vya kwanza vilipoingia mjini ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule ya msingi, na meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Siku ile watu walimiminika kwenye njia ya kaskazini, kuelekea Mudaka na Katana, huyu na godoro, yule na sufuria, mwingine na cherehani kichwani. Mimi nilikuwa mbele na mzigo. Mke wangu alikuwa nyuma, amemshika Neema mkono. Alikuwa amemvalisha sweta aliyoifuma mwenyewe, mkono mmoja kijani, mkono mwingine njano, kwa sababu uzi wa kijani ulimwishia kabla hajamaliza kufuma na dukani hakukuwa na mwingine. Neema aliipenda sweta ile kuliko nguo za Krismasi. Risasi zikalia, umati ukapasuka, watu wakaangukiana. Mke wangu alipoinuka kutoka chini, mkono wake ulikuwa mtupu.

Tulimtafuta, wewe. Tulikwenda hadi hospitali ya misioni kule Katana, tukapita kitanda kwa kitanda. Mtu mmoja akatuambia kuna mtoto kama huyo ameonekana Kamanyola, nikashuka Kamanyola, nikamkuta mtoto wa watu wengine ananitazama tu. Nilirudi kwa mabasi, kwa malori, kwa miguu. Hakuna njia ya mkoa huu ambayo sikuuliza.

Ndugu zangu walitaka tufanye matanga. Mke wangu akakataa. "Matanga ya nani?" aliwauliza. "Muliona maiti? Nani aliiona?" Kila jioni akawa anaweka sahani ndogo mezani, anaifunika kwa sahani nyingine, na asubuhi anaiosha. Sikuthubutu kumwambia aache. Lakini kilichoniumiza zaidi ni swali lake. Mwanzoni alikuwa anauliza kama mtoto yuko hai. Baadaye akaacha hilo, akawa anauliza jingine, taratibu, tukiwa tumelala na taa imezimwa:

"Papa Neema, unazania alikuwa na mutu? Ao alikuwa yeye peke?"

Ungemjibu nini? Nilikuwa namshika bega, na sote wawili tunasikiliza mvua.

Ndivyo tulivyoishi hadi vita vya pili vikaja. Mji ukawa mikononi mwa waasi, mishahara ya walimu ikawa hadithi, na barabara zikajaa maibobo, watoto wasio na kwao, wanaolala sokoni Kadutu na kwenye vibaraza vya maduka. Wakati huo padri wa parokia yetu akaniita. Alitaka picha kubwa kwa ajili ya kanisa dogo walilokuwa wamelitengeneza upya baada ya kuporwa. Picha ya malaika. "Batu bamechoka, mwalimu," aliniambia. "Ubaletee malaika kidogo."

Sasa nikueleze jambo la kazi yetu. Nina mkoba wa picha zilizochapwa, niliachiwa na padri mmoja mzee aliyenifundisha kuchora. Ni nakala za kazi za kale za Uhispania, Italia, na kwingineko Ulaya, za miaka mia tatu, mia nne iliyopita. Na ndani yake, amini, wamejaa maibobo. Miji yao nayo ilikuwa na tauni na vita na njaa, na watoto wakabaki barabarani. Utawaona miguu imekomaa kwa vumbi, shati limeliwa begani, wanatafutana chawa, wanacheza kamari, wanakula tunda na maji yanawatiririka kidevuni. Karibu kila mara wanacheka. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: anayenunua picha hataki kuona mtoto analia ukutani kwake, kwa hiyo mchoraji humchekesha. Na malaika je? Nani aliwahi kumwona malaika akakaa kitini achorwe? Mchoraji aliita mtoto kutoka barabarani, akamwosha uso, akampa mkate, akambandika mabawa. Angalia vizuri malaika wa kale, utaona kucha chafu. Na chini pembeni utaona jina la mchoraji. Jina la mtoto huwezi kulipata popote.

Nikaamua kufanya kama wao. Padri alinipa gereji ya parokia niifanye atelié, chumba cha kuchorea. Turubai za kuchorea hazikupatikana, nikatandaza kipande cha hema kuukuu, nikakipaka gundi. Kila alasiri maibobo walikuja, wanakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, halafu wanakaa niwachore. Tena kama ilivyo desturi ya wachoraji, sikuwaita kwa majina. Unapochora unafikiria mahali. "Malaika wa juu, nyamaza! Malaika wa katikati, toa kidole puani!" Walicheka sana. Majina hayo wakaenda nayo hadi sokoni. Kabla ya giza niliwaachia waondoke, maana askari walikuwa hawapendi mtu barabarani usiku.

Upande wa kushoto wa picha ulibaki wazi. Nilikuwa nimekosa mtoto wa kukaa pale.

Akaja jioni moja, wenzake wakiwa wameshatoka na mimi nasafisha brashi. Msichana mkubwa kidogo, wa kama umri wa kumaliza shule ya msingi, mwembamba, peku. Amefunga kitenge kilichopauka, fundo kifuani. Alisimama mlangoni hadi nilipomwona.

"Papa," akasema, "ni wewe njo unachoraka batu?"

"Ni mimi. Umekula?"

"Unichore na mimi."

Nikamwonyesha kigoda cha kushoto, akakaa. Nikwambie kweli, sijawahi kupata mtoto anayejua kukaa kama yule. Watoto hujikuna, husinzia, huuliza maswali. Yeye alitulia kabisa. Ila alikaa ameinama mbele, mikono yote miwili ameirudisha nyuma, chini ya kiuno, vidole amevishikanisha. Nikaona si mkao wa malaika.

"Inua mugongo," nikamwambia.

"Siwezi, papa. Analala."

"Nani analala?"

Akaweka kidole mdomoni kuniambia nipunguze sauti. Nikainuka, nikapita upande wake, nikatazama. Mgongoni hakukuwa na kitu. Kitenge tu, kimelegea. Nikafikiri anacheza, kama wasichana wadogo wanavyobeba gunzi la mahindi na kuliimbia, na moyo ukaniuma kwamba mtoto mkubwa hivyo bado anacheza mchezo ule kwa sababu hajapata nafasi ya kuucheza kwa wakati wake. Nikamwacha ainame. Nikachora.

Nilipomwekea sahani akaitazama, akasema, "Na ya mudogo?" Nikaongeza sambaza, nikageuka kufunga rangi. Nilipogeuka tena hakuwepo. Sahani ilikuwa kama nilivyoiweka. Kwenye kigoda palikuwa na vumbi jekundu, laini, la matofali, nikalifuta kwa kitambaa.

Alirudi jioni nyingine, na nyingine. Kila mara saa ile ile ya mwanga kuisha, kila mara vumbi lile jekundu. Nilimuuliza analala wapi, akajibu, "Mudaka, kwa matofali." Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: watoto wengi walilala karibu na matanuri ya matofali kwa ajili ya joto. Lakini Mudaka ni mbali, mtu anatembeaje kutoka Mudaka kila siku na kurudi usiku? Swali hilo nililipata, nikaliacha lipite. Uso wake ulikuwa unatoka vizuri kwenye picha, na mchoraji akipata uso hataki kuuliza mengi.

Kisha siku moja mvua ilinyesha, maibobo wakabaki atelié wakisubiri ipungue. Yeye akaingia, akakaa kigodani pake. Nikachukua brashi. Nikamwambia ageuze kidevu kidogo, akageuza. Bahati, yule niliyemwita malaika wa juu, mtoto asiyenyamaza hata akiwa na bugali mdomoni, akanivuta shati.

"Papa mwalimu, uko unasemesha nani?"

"Si huyu, malaika wa kushoto."

"Kile kigoda haina mutu, papa."

Nikamwangalia nione kama ananitania. Alikuwa amekunja uso, anataka kulia. Wenzake walikuwa wamesogea ukutani. Nikatazama kigoda, msichana alikuwa amekaa pale, ananitazama mimi peke yangu. Watoto wakatoka mbio kwenye mvua, na hawakurudi tena atelié.

Utauliza kwa nini mimi sikukimbia. Ningekimbia nyumbani, kwenye ile sahani iliyofunikwa? Nilijiambia watoto wenye njaa huona yasiyokuwepo na huacha kuona yaliyopo. Nikamaliza picha. Na kwa sababu ule mgongo ulioinama ulikuwa unanisumbua macho, nilifanya walivyofanya wakubwa zangu wa kale: nikampa mabawa. Makubwa, meupe, yenye kijivu chini. Yalifunika mgongo wote na mikono ile iliyorudi nyuma hadi viwiko. Nikarudi hatua kadhaa nikajisifu.

Mke wangu hakuwa amekanyaga atelié hata mara moja. Hakutaka kuona watoto. Yeye ni mwalimu wa shule ya watoto wadogo, na tangu siku ile ya njiani alikuwa hajarudi darasani. Nilimbembeleza aje aone kabla picha haijapelekwa kanisani. Akaja alasiri, amejitanda kitenge kichwani. Alimtazama malaika wa juu, akatabasamu kidogo. Alipofika kwa wa kushoto, akasimama.

"Huyu anabeba mutoto," akasema.

"Hapana, Maman Neema. Ni malaika. Haya ni mabawa."

"Mabawa gani? Angalia mabega yake. Angalia shingo. Huyu iko na mutoto ku mugongo, na mutoto amelala." Akasogea karibu hadi pua ikakaribia kugusa rangi. "Kwa nini umemufunika?"

Nikakaa chini. Nikamweleza yote: kigoda, vumbi, "Siwezi, analala," sahani ya mdogo, mvua, Bahati. Nilitegemea aniambie nimeanza kurukwa na akili. Aliniuliza jambo moja tu, anakuja saa ngapi. Kisha akavuta benchi, akakaa, mikono mapajani, akasubiri pamoja nami.

Mwanga ulianza kuisha. Msichana akaingia. Mke wangu hakumwona, nilijua hivyo kwa jinsi macho yake yalivyozunguka chumba chote. Lakini aliuona uso wangu, akanishika mkono kwa nguvu sana. Msichana hakwenda kigodani. Alisimama mbele yetu, akamtazama mke wangu kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha amefika nyumba aliyoelekezwa.

Nikasema, "Ule mutoto uko unabeba, ni nani?"

Akageuka. Siku zote hizo hakuwahi kunipa mgongo. Safari hii akageuka taratibu, kwa uangalifu, asimwamshe aliyelala. Na mgongoni, ndani ya kile kitenge, palikuwa na uzito. Palikuwa na kichwa cha mtoto kimelalia bega lake. Mkono mdogo ulikuwa unaning'inia nje, na mkono wa sweta ulikuwa wa kijani.

"Kijani," nikamwambia mke wangu. Sauti yangu siitambui hata leo nikiikumbuka. "Naona mukono wa kijani. Na wa njano uko ndani."

Mke wangu akatoa sauti ambayo sitaieleza.

"Alichoka kutembea," msichana akasema, bado ametupa mgongo. "Alikuwa analia mama yake, nikamubeba. Ananiitaka dada. Akaniambia, papa yangu anachoraka batu, siku moja atakuchora." Kisha akasema tena lile la siku zote: "Tuko Mudaka, papa. Kwa matofali."

"Na wewe unaitwa nani?" nikamuuliza. Ndiyo kwanza ninamuuliza, unaona? Lakini mlango ulikuwa wazi na nje kulikuwa na giza, na sakafuni vumbi jekundu, basi.

Kulipokucha tulikwenda Mudaka. Tanuri tuliliona mbali kidogo na barabara, la zamani, limebomoka, limeota majani. Karibu yake mama mmoja alikuwa analima maharagi. Tulimsalimu, tukamuuliza kama wakati wa vita vya kwanza kulikuwa na watoto pale. Alisimamisha jembe. Alimtazama mke wangu, akaliangusha lile jembe chini, akaja akamshika mikono yote miwili.

"Maman," akasema, "ni wewe mama ya mudogo?"

Akatuonyesha. Nyuma ya tanuri, kituta kidogo cha kaburi, na mawe yamepangwa kukizunguka, safi, yasiyo na magugu. Alitueleza kwamba watu walipokuwa wanakimbia, wasichana wawili walijificha pale kwa sababu ya mvua na risasi. Yule mkubwa alikuwa na nguo za maibobo wa mjini. Mdogo alikuwa na homa kali. Mama huyu aliwapelekea uji, akamwona mkubwa anamnywesha mdogo kwanza. Kesho yake mapigano yalipita njia ile, naye akakimbia na watoto wake. Aliporudi aliwakuta pale pale. Mkubwa alikuwa ameinama, mgongo ameupa ukuta wa tanuri, na mdogo yuko kati.

"Tulitaka kubatenganisha, tubazike kila mutu na shimo yake," akasema. "Tukashindwa. Ile fundo ya kitenge ilikataa. Tukasema, basi, tubaache vile. Mudogo alikuwa na tricot, mukono moja ya kijani, moja ya njano. Nilijiuliza, ni mama gani huyu, uzi ilimwishia."

Mke wangu akapiga magoti kwenye yale maharagi. Alilia kama mtu aliyezuiliwa kulia kwa muda mrefu na sasa ameruhusiwa. Na katikati ya kilio akageuka kwangu, uso wote umelowa, akasema, "Hakukuwa yeye peke, Papa Neema. Unasikia? Hakukuwa yeye peke."

Nilisikia. Nikalia na mimi, sioni haya kukuambia.

Tulifanya matanga. Ya wawili. Majirani walikaa nasi chini, na walipouliza yule mwingine ni mtoto wa nani, mke wangu alijibu ni wetu. Nilichukua kisu cha rangi, nikayakwangua yale mabawa yote, nikamchora Neema pale mgongoni, amelala, mkono wa kijani unaning'inia. Padri alipoiona aliinamisha kichwa upande, akauliza taratibu kama inafaa malaika kukosa mabawa. Mke wangu akamjibu, "Mon père, alikuwa na mutoto ku mugongo. Mabawa ingekaa wapi?" Picha ikatundikwa vile vile. Ipo hadi leo, nenda kaione, na chini pembeni usilitafute jina langu, sikuliandika.

Kule Mudaka tuliweka msalaba. Fundi aliuliza aandike nini. Jina la kwanza tulikuwa nalo, tulilichagua sisi wenyewe siku ya ubatizo. La pili? Msichana amekaa mbele yangu jioni zote zile, ninajua kovu lililo juu ya nyusi yake, ninajua jinsi kidole chake cha mwisho kilivyopinda, ninaweza kumchora hata nikifumba macho. Nilimwita malaika wa kushoto. Basi fundi akaandika: Neema na dada yake.

Sahani haiwekwi tena mezani kwetu. Mke wangu amerudi darasani. Lakini siku za soko hushuka Kadutu na mkate ndani ya kikapu, anakaa na maibobo, wale wakubwa ambao sasa wana ndevu, anawauliza: munamukumbuka musichana mumoja wa zamani, mwembamba, iko na kovu hapa, kidole imepinda? Walikuwa wanamwita nani? Wanakuna kichwa, wanataja jina hili na lile, na anaporudi jioni mimi huwa namsubiri mlangoni. Akitikisa kichwa, naingia kumwashia moto. Neema tulimtafuta tukampata. Sasa tunatafuta jina la dada yake.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza, nakusihi. Ukimkuta mtoto amekaa barabarani, kabla ya mkate wako, kabla ya huruma yako, kabla ya picha yako, muulize anaitwa nani, hata kama una haraka, na ulishike jina hilo kichwani. Yupo mama mahali fulani ambaye siku moja atakuja kulihitaji.